Jirani akirusha kombora la majaribio, ujibu nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Hapa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, tumebishana hadi kahawa inapoa. Korea Kaskazini inarusha makombora, mengine yanapita juu ya Japani, na Wajapani wanaishia kulaani tu. Mimi nasema jirani akinoa panga uani kwake kila usiku huku anataja jina lako, huwezi kukaa ukasubiri. Kwa nini Japani haiyadungui? Na kwa nini Wamarekani na Wakorea wa Kusini wasiivunje hiyo mitambo siku moja yakaisha? Mwenzangu mmoja anaapa kwamba Nyerere asingevumilia. Na ingekuwa sisi, tungefanyaje?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Wewe na huyo mwenzako kila mmoja ameshika upande mmoja wa jambo, ndiyo maana ubishi hauishi.

Nianze na hilo la kudungua. Tarehe 29 Agosti 2017 Korea Kaskazini ilirusha kombora aina ya Hwasong-12 kutoka jirani na Pyongyang, mji wake mkuu, likapita juu ya kisiwa cha Hokkaido. Fuatana nami kwa saa za Japani. Lilirushwa kama saa 11:58 alfajiri. Saa 12:02 simu za watu wa kaskazini mwa Japani zikalia kwa pamoja na ving'ora vikapiga: kombora limerushwa, ingieni kwenye jengo imara au chini ya ardhi. Treni zikasimama. Kufika saa 12:07 lilikuwa limekwisha kupita, na saa 12:12 likatumbukia baharini, zaidi ya kilomita 1,000 mashariki ya Hokkaido. Mvuvi wa huko aliyekuwa anaweka sawa nyavu zake alipewa dakika kama nne za kutafuta jengo la chini ya ardhi, kwenye kijiji ambacho jengo refu kuliko yote ni shule.

Kimo cha juu kabisa cha kombora lile kilikuwa kama kilomita 550. Hapo si angani kwa Japani tena. Hakuna mkataba unaochora mstari kamili kati ya anga ya nchi na anga za juu, lakini wengi huhesabu kilomita 100 hivi, na satelaiti za mataifa hupita juu ya Tanga kila siku bila kutuomba ruhusa. Pili, silaha za kudungulia zina mipaka yake. Patriot ya nchi kavu hulinda eneo la makumi machache ya kilomita, na kazi yake ni kombora linaloshuka kuja kwako. Zile za kwenye meli hufika mbali zaidi, lakini kulifukuza kombora linalokwenda zake bahari kuu ni kamari mbaya. Ukilikosa, umemwambia adui hadharani kwamba ngao yako inavuja. Kwa hiyo Japani ilijiwekea kanuni mapema: mahesabu yakionyesha linaangukia ardhi yetu, lipigwe, yakionyesha linapita, liache, lifuatilie kwa rada, jifunze. Mimi naiona kanuni hiyo ni ya watu wazima.

Wengine huniuliza, je, yale yanayoangukia "bahari ya Japani ya kiuchumi"? Tazama bahari yetu. Bahari ya nchi ni maili 12 za baharini, kama kilomita 22; humo wewe ndiye mwenye nyumba. Ukanda wa uchumi unafika maili 200, na humo una haki ya samaki, gesi na mali nyingine, ila meli za wengine hupita. Kombora kuangukia kule bila taarifa ni kuhatarisha wavuvi na meli, na ni kosa la kulalamikiwa kwa nguvu zote. Kuvamiwa sio.

Sasa Mwalimu Nyerere. Mwenzako anakumbuka hotuba ya Novemba 1978, kama tunavyoikumbuka sote: uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Lakini miaka 6 kabla yake, Septemba 1972, ndege za Uganda zilidondosha mabomu Bukoba na Mwanza, watu wakafa, na Nyerere huyohuyo hakuvusha jeshi. (Tuwe wakweli: waasi wa Obote walikuwa wameingia Uganda wakitokea kwetu, kwa hiyo nasi hatukuwa malaika.) Mambo yaliishia Mogadishu mwezi uliofuata, kwa upatanishi wa Siad Barre, rais wa Somalia, kila upande ukakubali kurudisha majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani. Vita vilikuja pale askari wa Amin walipoikalia ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera na Amin akatangaza kwamba ni ya Uganda.

Yachukue yale maneno matatu yawe kipimo chako. Jaribio la kombora linakuonyesha uwezo wa jirani, tena uwezo wa siku ile tu. Nia halikuonyeshi. Nia huonekana kwingine: magari ya mafuta yakielekea mpakani usiku, askari wa akiba kuitwa, familia za mabalozi kuondoshwa, hospitali kuandaliwa vitanda. Anayetaka kupiga kweli harushi kombora moja kuelekea bahari tupu halafu akatoa picha kwenye televisheni yake. Na sababu lazima iwe ile ambayo wengine wataikubali. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inatambua haki ya kujihami pale shambulio la silaha linapotokea, na chuma kilichozama bahari kuu si shambulio.

Kwenye mfano wako wa panga, basi, kwanza chungulia kama uani kwa jirani mna kuni. Wahandisi wake wanahitaji kurusha ili wajue injini inafanya kazi. Mtawala wake anataka wananchi waone. Wakati mwingine anamgongea mlango mtu mwingine kabisa: kombora la kwanza la Korea Kaskazini la kuvuka mabara lilirushwa tarehe 4 Julai 2017, siku ya uhuru wa Marekani, na hiyo si bahati mbaya. Na wakati mwingine ni biashara. Kombora la Pakistan liitwalo Ghauri, lililojaribiwa mara ya kwanza Aprili 1998, lilitokana na kombora la Nodong la Korea Kaskazini. Kila sababu hapo ina jibu lake, na ukizijibu zote kwa ngumi moja utakuwa umejibu moja au hata moja hukuijibu.

Kuhusu kuvunja mitambo siku moja: Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, iko kama kilomita 50 tu kutoka mpakani, na kuna mizinga upande wa pili ambayo haihitaji nyuklia kuua maelfu. Mitambo yenyewe siku hizi iko juu ya malori, inafichwa mahandakini, na tangu 2023 wana Hwasong-18, kombora kubwa la mafuta magumu, ambalo halihitaji saa nyingi za kujazwa kabla ya kurushwa. Ukikosa hata makombora manne, umeanzisha vita ulivyotaka kuvizuia. Silizungumzi zaidi hilo.

Liko jibu lingine ambalo majenerali hulipenda sana, nami silipendi: akirusha, nawe rusha. Tarehe 4 Oktoba 2022 Korea Kaskazini ilipitisha kombora jingine juu ya Japani. Usiku ule, mnamo saa 5, Korea Kusini na Marekani wakaamua kuonyesha nao wana meno. Kombora moja la Korea Kusini, Hyunmoo-2, lilipofyatuliwa karibu na mji wa Gangneung likageuka, likaangukia ndani ya kambi yao wenyewe na mafuta yake yakawaka. Watu wa mji wakaona moto angani, wakasikia mshindo, wakapiga simu za zimamoto. Hakuna aliyewaambia kitu. Picha zikazunguka mitandaoni usiku kucha, watu wanaulizana kama vita vimeanza, na jeshi likaeleza na kuomba radhi asubuhi. Kwa bahati hakufa mtu. Lakini fikiria upande wa kaskazini nao wanatazama picha za moto uleule na hakuna aliyewaambia kitu vilevile.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndiyo hoja yangu. Mataifa maadui yanaweza kuishi na majaribio ya makombora kwa miaka mingi. Yasichoweza kuishi nacho ni kombora lisilojulikana ni la nini, katika dakika kumi za kuamua. Jibu la kwanza la nchi yenye akili ni kuzirefusha zile dakika kumi.

India na Pakistan zimepigana vita, hazipendani, na zote zina nyuklia hadharani tangu majaribio ya Mei 1998. Lakini tarehe 3 Oktoba 2005 zilitia saini makubaliano ya kupeana taarifa kabla ya kurusha makombora ya majaribio ya balistiki, yaani yale yanayorushwa juu sana kisha kuanguka yenyewe. Taarifa itolewe si chini ya siku 3 kabla. Pa kurushia pasiwe ndani ya kilomita 40 kutoka mpakani. Pa kuangukia pasiwe ndani ya kilomita 75. Basi. Hakuna aliyeahidi kuacha kutengeneza, hakuna aliyesamehe Kashmir, ile ardhi wanayoigombania. Kwa hiyo India ikirusha Agni, kombora lake la balistiki, wakubwa wa Pakistan hawaamshani usiku. Na hata uhasama uwe mkali vipi, kila tarehe 1 Januari tangu 1992 hupeana orodha za vituo vyao vya nyuklia ambavyo wameahidiana kutovishambulia.

Sasa tazama kilichotokea pale kombora lilipotoka nje ya makubaliano hayo. Tarehe 9 Machi 2022, jioni, kombora la India aina ya BrahMos lilifyatuka kwa makosa, likaingia Pakistan, likaruka hadi kilomita 124 ndani ya nchi na kuanguka karibu na mji wa Mian Channu. Halikuwa na kichwa cha mlipuko, na hakuna aliyekufa. BrahMos si kombora la balistiki, huruka chini kama ndege, kwa hiyo makubaliano ya 2005 hayaligusi. Wapakistani waliliona kwenye rada zao kwa dakika chache zile, wakalifuatilia, hawakujibu. Kesho yake msemaji wa jeshi lao akatokea na ramani na kueleza njia lililopita. India ilikiri siku ya pili yake, ikasema ni hitilafu wakati wa matengenezo ya kawaida, na Agosti mwaka ule maofisa watatu wa jeshi lake la anga wakafukuzwa kazi.

Kwa wakuu wa operesheni wa majeshi yale mawili kuna simu ya moja kwa moja. Pakistan ililalamika kwamba haikuambiwa mara moja, na mimi niko upande wao kabisa. Kombora lako limepotea linaelekea kwa jirani mwenye nyuklia, unanyanyua simu sekunde ileile, aibu utaishughulikia baadaye. Simu hiyohiyo ndiyo iliyotumika tarehe 10 Mei 2025, baada ya siku nne za kupigana kwa makombora na droni, mkuu wa operesheni wa Pakistan alipompigia mwenzake wa India na mapigano yakasimamishwa. Usiniambie simu haina maana baina ya maadui. Rafiki utampata hata kwa barua.

Taarifa nayo ina tabia yake mbaya: inaweza kufika ofisini isifike kwa anayeihitaji. Januari 25, 1995, wanasayansi walirusha roketi kutoka Andøya, Norway, kuchunguza mianga ya anga ya kaskazini. Norway ilikuwa imezijulisha nchi jirani, Urusi ikiwemo, wiki kadhaa kabla. Barua ilifika, ikakwama mahali, na watu wa rada wa Urusi wakaona kitu kinachofanana na kombora la nyambizi ya Marekani. Mkoba wa amri za nyuklia ukafunguliwa mbele ya Rais wao, Boris Yeltsin. Baada ya dakika kadhaa ikaonekana roketi inaelekea kwingine. Karatasi moja iliyokwama ilitaka kutumaliza.

Utaniuliza, kama taarifa ni nzuri hivyo, kwa nini Korea Kaskazini haipendi kuitoa? Kwa sababu inamfaa zaidi anayepewa kuliko anayeitoa, na hilo sisi wa Tanga tulilishuhudia kabla ya wengi. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza HMS Fox iliingia bandarini hapa, nahodha wake akamjulisha mkuu wa Kijerumani kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamekwisha, akampa saa moja asalimu amri. Mjerumani akavuta muda. Askari wakaletwa kwa treni kutoka Moshi, na kikosi cha Waingereza kama 8,000 kikapigwa na watu kama 1,000 na kurudishwa melini. Wazee wetu walisifia nyuki waliowauma Waingereza, lakini kabla ya nyuki kulikuwa na yale masaa. Ile ilikuwa taarifa ya kushambulia, ya majaribio ni nyingine, ila hofu ya mtoaji ni ileile: nikikuambia saa na mahali, utaleta meli zako za kijasusi zisome kila kitu. Kwa hiyo usitegemee jirani mkorofi atatoa kwa hisani. Unalipa: nawe unatoa za kwako, unakubali kutochungulia karibu mno, unamwachia kitu cha kuonyesha nyumbani. Marekani na Urusi ya Kisovieti walikubaliana hivyo mwaka 1988, kupeana taarifa saa 24 kabla ya kurusha makombora yao makubwa, wakati kila mmoja amemwelekezea mwenzake maelfu ya vichwa vya nyuklia.

Na akikataa katakata? Tangu Aprili 2023 Pyongyang imeacha hata kupokea simu ya kila siku kutoka Seoul. Hapo unaimarisha macho yako. Japani na Korea Kusini, zenye donda lao la enzi ya ukoloni, zilichukua miaka kukubali kwamba rada ya mmoja huona kinachompita mwenzake. Tangu Desemba 2023 zinapeana habari za kombora papo hapo pamoja na Marekani. Huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko azimio lolote. Ngao pia nunua, lakini fahamu bei: Korea Kusini ilipoweka THAAD, mtambo wa Kimarekani wa kudungua makombora, mwaka 2017, China ilikasirika, watalii wakakatwa na maduka ya kampuni iliyotoa kiwanja yakabanwa. Jirani wa tatu naye hutazama.

Wananchi wako uwaandae kwa ukweli. King'ora kinacholia ovyo ni kibaya kuliko kisicholia. Hawaii, Januari 13, 2018, simu zote zilitangaza kombora linakuja na kwamba si mazoezi. Watu waliwatia watoto kwenye mashimo ya maji barabarani. Ilichukua dakika 38 kutuma ujumbe wa kusahihisha, na chanzo kilikuwa mtumishi mmoja kwenye zamu.

Kulaani, ulikokudharau kwenye swali lako, kuna kazi yake pia. Jaribio likipita bila neno, la pili linakuwa kawaida. Lakini kulaani bila mkono hakutoshi, na mkono ulikuwa vikwazo vya Baraza la Usalama, kuanzia maazimio 1695 na 1718 ya mwaka 2006 hadi 2397 la Desemba 2017, lililobana mafuta yaliyosafishwa yasizidi mapipa 500,000 kwa mwaka. Yote hayo China na Urusi zilipiga kura ya ndiyo. Mei 2022 zikatumia kura ya turufu kuzuia azimio jipya, na Machi 2024 Urusi ikawafutia kazi wataalamu waliokuwa wakichunguza ukiukwaji. Vikwazo ambavyo mkubwa mmoja amefungua mlango wa nyuma vinabaki kuwa usumbufu tu. Mazungumzo nayo yalisaidia kwa kiasi: kuanzia Desemba 2017 hadi Mei 2019, wakati Kim wa Korea Kaskazini na Trump wa Marekani walipokutana Singapore na Hanoi, hakukuwa na jaribio la kombora. Ila viwanda havikufungwa siku hata moja.

Ingekuwa sisi? Hatuna jirani mwenye makombora ya namna ile, na Afrika ilijifunga kwa Mkataba wa Pelindaba kutokuwa na nyuklia, unaotumika tangu 2009. Lakini tumo kwenye jambo hili kwa mlango ambao wabishi wa barazani huusahau, nao ni meli. Kombora la Korea Kaskazini linalipiwa kwa makaa, samaki na mafuta yanayohamishwa usiku kutoka meli hadi meli, na meli hizo hutafuta bendera isiyouliza maswali. Bendera ya Tanzania, kupitia usajili wa meli za nje unaofanyika Zanzibar, imewahi kutajwa kwenye ripoti za hao wataalamu wa vikwazo. Januari 2018, baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa na shehena haramu, Rais Magufuli aliagiza usajili wa meli za nje usimame kwa muda na zilizokwisha kusajiliwa zikaguliwe. Nchi ya kiwango chetu haitadungua kombora la mtu. Inaweza kujua mwenye meli ni nani kabla ya kumpa bendera, na hilo linamuumiza mrusha makombora kuliko tamko la wizara.